Maji ya Kuamsha Rangi

Tulisikia kabla hatujaona. Kilikuwa kishindo kizito, cha chini kwa chini, kama gunia la mtama limeanguka kutoka darini, kisha miti ikalia mmoja baada ya mwingine: kra, kraa, kraaa. Halafu kimya. Sauti ilitoka ng'ambo ya kilima cha mawe, kwa majirani zetu wa karibu kuliko wote, na sisi wanawake watatu tulikuwa uwanjani tunapura uwele. Shangazi, dada wa marehemu baba, aliacha fimbo yake hewani.

"Nani tena huyo anakata miti ya watu asubuhi asubuhi?"

Mama alishusha fimbo yake. Alikuwa amegeuza sikio kuelekea kilimani, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemjua.

"Huo si mti, wifi," alisema. "Hilo ni paa."

Ndipo vumbi likatokea. Lilipanda juu ya mawe taratibu, jekundu, likasimama pale bila haraka kwa kuwa hapakuwa na upepo. Aliyekulia katika nyumba ya tembe ataelewa kwa nini tuliacha kupura. Paa la tembe si nyasi wala bati. Ni boriti nzito, juu ya boriti fito, juu ya fito udongo uliokanyagwa na miguu ya ukoo mzima, na juu ya udongo huo watu huanika mtama na watoto hulala wakati wa joto. Paa la namna hiyo halianguki. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kusikia moja likianguka, na mama naye, nadhani, hakuwahi. Lakini alilitambua, kama mtu anavyoutambua msiba.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Nilijua siku hiyo inakuja. Nilikuwa hata nimeiimba.

Balozi wetu wa nyumba kumi alifika akihema, kofia mkononi. Hakukaa. Alisema mgambo wameanza upande ule, na kwamba kesho mchana ingekuwa zamu yetu, kwa hiyo tutoe vyombo mapema visizikwe.

"Hakuna kujitetea?" mama akauliza.

"Bwana wa operesheni ya kuhamia vijijini anapita nyumba kwa nyumba. Anasema mwenye hoja aitoe akiwa mlangoni kwake."

"Basi mimi ninayo."

"Hoja gani tena?" shangazi akadakia. "Kwamba paka wako ana mimba, asihamishwe?"

Balozi alicheka kidogo, kisha akaona aibu kucheka, akaondoka.

Niseme wazi mama alitaka nini. Alitaka kubaki katika nyumba ile hadi afe. Yeye na baba waliijenga wakiwa wapya katika ndoa; kaburi la baba lilikuwa kando ya zizi; shamba nyuma ya nyumba lilikuwa limelishwa samadi mwaka baada ya mwaka hadi udongo wake ukawa mweusi kama sufuria. Kijiji kipya kilikuwa chini bondeni, kando ya njia ya Kinyangiri. Huko vigingi vilikuwa vimepigwa katika mistari, na kila kigingi kilikuwa na jina la mwenye nyumba. Mikutano ilifanyika, wengi wakahama kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Mama alikuwa akisema, "Nikishavuna." Alipovuna akasema, "Nikishapura." Sasa tulikuwa tunapura.

Na hoja yake ilikuwa ukutani, ndani, juu ya mtungi. Ilikuwa picha ya kijiji cha Marekani.

Picha hiyo tuliipata kwa mke wa mmisionari mmoja wa Kimarekani aliyekaa misheni ya jirani nilipokuwa mdogo. Mama alikuwa msiribaji. Milima ile yote ilimjua: akishika udongo mweupe na mwekundu na majivu, ukuta wake ulitoka laini kama tumbo la mbuzi, na juu yake alichora kwa vidole mistari ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuirudia. Bibi yule alimwita kusiriba nyumba ya wageni, kisha akawa anakaa kwenye kigoda na kumtazama kutwa nzima. Hawakuwa na lugha ya kutosha baina yao. Bibi alipofunga mizigo kurudi kwao, aliitoa ile picha chumbani mwake, ikiwa katika fremu yake, akampa mama mikononi. Alisema, na mimi niliyezoea maneno yake nikatafsiri, kwamba aliyeichora alikuwa mtu wa upande wa kwao, aliyekuwa akichora mwanzoni mwa karne ya ishirini, mama yake bibi huyo alipokuwa msichana. Hakuwa mtu wa sifa kubwa, alikwisha kufa zamani, lakini alijua kazi ya mikono yake kama mama alivyojua yake.

Mama aliitundika mahali ambapo wengine hutundika picha ya Rais au ya Yesu.

Ilikuwa na mlima mdogo wenye majani ya rangi ya asali, njia ikipanda kwa kujipinda, na nyumba sita au saba nyeupe. Kulikuwa na miti myekundu. Shangazi alisema miti hiyo ina ukurutu. Watu hawakuonekana, na mama alisema wako shambani. Lakini alichokipenda zaidi, tangu siku vigingi vilipoanza kupigwa bondeni, ni jinsi nyumba zile zilivyokaa. Moja ilikuwa juu kabisa, peke yake. Mbili zilikaribiana kama ndugu. Moja ilikuwa imeipa njia mgongo.

"Tazama hii," alikuwa akiniambia, kidole hakigusi karatasi. "Imekasirika. Haitaki kuangalia barabara. Na hakuna aliyeivunja."

"Hiyo ni Marekani, mama."

"Ndiyo maana. Trekta si zao? Ndege si zao? Mbona hawakai kwenye mstari? Kesho nitamwonyesha huyo bwana. Ni msomi, atakubali kitu akikiona kwa macho."

Hiyo ndiyo hoja. Sikucheka, ila uso wangu ulipata moto. Shuleni tulikuwa tunaimba dhidi ya mabeberu kila asubuhi kabla ya darasa. Nilikuwa kiongozi wa kikundi cha ngonjera. Nilikuwa nimetunga moja juu ya kijiji kipya, bomba la maji, zahanati, taa, watoto wasiotembea mwendo wa nusu siku kwenda shule. Niliamini kila mstari. Bado naamini baadhi. Na sasa mama yangu mzazi alikuwa anataka kusimama mbele ya bwana wa operesheni, mbele ya mgambo, mmoja wao akiwa kijana niliyesoma naye, naye mama amekumbatia kijiji cha Marekani. Nilisikia tayari neno ambalo wangelisema. Kibaraka. Wangelisema juu yake, na mimi ningekuwa binti yake.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta mama amekwisha kuanza kusiriba ukuta wa mbele.

Nilisimama mlangoni sikuamini. Nyumba ingeangushwa mchana, naye alikuwa amepiga magoti, kiganja kikizunguka, kikizunguka, udongo mbichi ukinukia kama mvua ya kwanza.

"Mama, unafanya nini?"

"Mgeni anakuja."

"Mgeni anakuja kuivunja!"

"Hajaivunja bado. Aione ikiwa safi."

Shangazi alikuwa ameketi juu ya gunia, akifunga vyungu kwa kamba. "Mwache," alisema. "Wenzake wanaoshwa wakishakufa. Hii inaoshwa mapema."

Mama alipomaliza ukuta aliingia ndani akaitoa picha. Ilikuwa imepauka. Moshi wa miaka ulikuwa umeipa ngozi ya kahawia, na vumbi limeingia mpaka ndani ya mlima. Kioo hakikuwepo, kilivunjika siku ile ile tulipoileta, picha ilipogonga jiwe ikiwa mgongoni mwa punda. Aliiegemeza ukutani, akaitazama kwa jicho la kazi.

"Rangi imelala," alisema. "Tuiamshe."

Kwetu ukuta ukipauka haupakwi upya. Unanyunyiziwa maji na kusuguliwa kwa kitambaa laini, na rangi iliyolala ndani ya udongo inaamka, nyekundu kama siku ya kwanza. Kila mwanamke wa milima ile anajua hivyo tangu utoto. Na maji yenyewe yasiwe ya kisima, kwa maana visima vyetu vina chumvi, na chumvi ikikauka inaacha madoa meupe. Yawe ya mvua.

"Niletee yale ya mtungi wa nyuma," mama akasema. "Yaliyobaki ya mvua."

Hapa ndipo ninapotaka kuandika bila kupamba. Mimi nilijua. Yule bibi wa misheni alikuwa akinichukua Jumamosi, ananipa brashi na kisanduku chake cha rangi, na nilikuwa nimechora mawe na mbuzi kwenye karatasi zake. Aliniambia, nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe, nyumba unaiacha, unapaka vilivyoizunguka. Aliniambia pia kwamba rangi hizi huja na maji na huondoka na maji, ndiyo sababu picha yake iliwekwa kioo. Sikuwa nimesahau. Kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa nyuma ni hatua kama ishirini. Niliinama, nikachota kwa kibuyu, maji yalikuwa kidogo na baridi, nikayatazama. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri nikienda, na nafasi nyingine nikirudi. Nilifikiri juu ya yule kijana wa mgambo niliyesoma naye.

Nikampa mama kibuyu.

Alichovya kitambaa, akakikamua, akakipitisha juu ya mlima kwa mkono mwepesi, mkono ule ule wa kusiriba. Na rangi iliamka. Naapa iliamka! Majani ya asali yakang'aa, miti ikawaka, njia ikawa na unyevu kama imetoka kunyeshewa. Mama alicheka kwa sauti, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba afe.

"Unaona? Wifi, njoo uone!"

Akapitisha mara ya pili.

Mlima ulisogea. Sijui kusema vingine. Ulitoka mahali pake ukateremka juu ya nyumba, na mbingu ikaufuata, bluu ikiingia katika nyekundu, nyekundu katika njano. Nyumba ndizo zilizopotea kwanza, kwa sababu hazikuwahi kupakwa. Zilikuwa karatasi tu, na kila rangi ilikimbilia pale palipokuwa patupu. Mama aliinua kitambaa. Kilikuwa na rangi ya matope. Akajaribu kufuta pale palipochafuka, kama mtu anayefuta uso wa mtoto, na ile nyumba iliyoipa njia mgongo ikaenda na kitambaa.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale, miguu mbele, vile wasivyokaa wanawake wa kwetu isipokuwa msibani. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye fremu yakiingia mavumbini. Shangazi alikuja, akatazama, akamtoa mama kitambaa mkononi.

"Nimeiua," mama alisema.

Nami nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Hukujua, mama."

Walifika jua likiwa utosini. Bwana wa operesheni alikuwa kijana, mwembamba, viatu vimejaa vumbi, na nyuma yake mgambo saba au wanane wenye mashoka na kamba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutia mikono nyuma na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Niliona mama akishtuka kuliko kama angetukanwa. Shikamoo haiachwi bila jibu. Mtu huyu alikuja kuibomoa nyumba yake, na ulimi wake mwenyewe ukalazimika kumpokea.

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mtani," shangazi akajibu, maana alikuwa amekwisha kuuliza ukoo wa kijana huyo kwa balozi. "Nasikia mnapenda mistari. Na makaburi nayo mtayapanga? Kaka yangu yule pale kalala upande, mwamsheni ajipange."

Mgambo walicheka. Yeye alitabasamu bila kuonyesha meno, akasema kaburi litaachwa, halitaguswa, na kwamba tunaruhusiwa kuja kulifagia. Kisha akamgeukia mama. "Nimeambiwa una hoja."

Nilidhani atasema hana. Lakini mama aliinuka, akaenda pale ukutani, akaichukua ile fremu kwa mikono miwili, maji ya rangi yakimtiririkia mpaka kwenye viwiko, akaja kusimama mbele yake.

Kijana aliitazama kwa muda mrefu. Karatasi ilikuwa imevimba katikati. Ilikuwa na wingu moja la rangi ya chai.

"Hii ni nini, mama?"

"Ilikuwa kijiji."

"Cha wapi?"

"Cha mbali. Kila nyumba ilikaa ilikotaka." Alipangusa tone la rangi kwenye fremu. "Asubuhi kilikuwepo."

Mgambo mmoja alipasuka kwa kicheko, si yule niliyesoma naye. Yule alikuwa anaangalia chini. "Kijiji kimeyeyuka, bwana mkubwa! Kimehama chenyewe!" Wengine wakacheka. Hakuna aliyesema kibaraka. Hawakuwa na sababu ya kulisema. Mbele yao alikuwepo tu mwanamke mwenye mikono michafu aliyebeba uchafu ndani ya fremu. Nilikuwa nimetaka asiaibike. Nilimwona akigeuza macho kutoka uso mmoja hadi mwingine akitafuta aliyemwelewa, na alipofika kwangu nikatazama kuku.

Bwana wa operesheni aliinua mkono wakanyamaza. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, hata ingekuwa nzima, nisingeweza kukusaidia. Nina amri."

Sentensi hiyo nimeishikilia miaka yote kama mtu aliyeshika mzizi kwenye korongo. Hata ingekuwa nzima. Huwa najirudia hivyo. Haijanivuta hata siku moja, kwa sababu mama hakuwa akiomba aokolewe na picha peke yake. Alitaka aseme neno lake likiwa na sura, akataliwe akiwa amesikika.

Walifunga kamba kwenye nguzo ya kati. Mama aliomba wangoje ukuta aliousiriba ukauke, na hakuna aliyejua kama alikuwa anatania. Wakavuta. Kutoka karibu kishindo hakikufanana na kile cha jana. Hakikuwa sauti, kilikuwa pigo la kifua, na baada yake udongo wa paa ulimiminika kwa muda mrefu ajabu, na ndani ya vumbi hilo nilinusa mtama wa kila mwaka tulioanika pale juu. Shangazi aliita jina la kaka yake mara tatu. Ukuta wa mbele ulibaki umesimama peke yake, bado mbichi, laini, na mistari ya vidole vya mama ikipita kutoka upande hadi upande.

Jioni tulikuwa bondeni, na vyungu vyetu na mbuzi wetu, mbele ya kigingi chenye jina la baba.

Kazi ya kujenga ilikula likizo yote. Watu walisaidiana kweli. Nisiseme uongo kwa sababu ya uchungu. Vijana waliosimamisha nguzo zetu hawakudai hata kikombe cha togwa. Kijumba kilipata mlango wa mbao mpya, ukitazama barabara kama milango mingine yote. Mama hakukisiriba. Kuta zilibaki na alama za vidole vya waliokandika, na jirani mpya alipomuuliza kulikoni, msiribaji mzima, alisema mikono inamuuma.

Hakuongea nami juu ya picha. Aliongea juu ya maji, kuni, mbuzi aliyepotea. Nilianza kufikiri yamepita.

Siku ya kurudi shule nilikuwa nimefunga sanduku langu la bati, nimevaa sare. Lori lilikuwa linasubiri kwenye kona, injini inanguruma, na shangazi alikuwa ametangulia huko kunishikia nafasi. Mama alikuwa anachambua mbegu kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Yule bibi alikufundisha kuchora," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa rangi zile zile."

"Ndiyo."

Vidole vyake viliendelea. Mbegu nzuri huku, mbovu huku. "Ulikuwa unaosha brashi kwenye bakuli, pale barazani kwake. Nilikuwa nakuona. Maji yanabadilika rangi." Akachukua mbegu moja akaitazama kwenye mwanga. "Nilifikiria usiku mwingi. Nikasema, labda mtoto alisahau. Mtoto husahau."

Ningeweza kusema nilisahau. Alikuwa amenifungulia njia. Alikuwa ananiomba nipite humo.

"Sikusahau," nikasema.

Ungo ulisimama. Alinitazama, na sikuona hasira. Niliona macho ya siku ile tuliposikia paa la kwanza, macho ya mtu aliyetambua sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Alitazama sare yangu, kola, vifungo, sanduku.

"Ulibeba kibuyu kwa mikono miwili," alisema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Hukumwaga hata tone."

Nilipiga magoti. Nilisema maneno mengi, na mengine yalikuwa ya ngonjera, maji ya bomba, maendeleo, aibu, sijui nini. Aliyasikiliza yote mpaka yakaisha. Lori lilipiga honi.

"Nenda, usiachwe," alisema.

"Mama, shikamoo," nikasema, kwa kuwa sikuwa na neno lingine.

"Marahaba."

Kwetu anayesafiri husindikizwa. Mama mzazi hutoka naye mpaka njiani, husimama pale hadi msafiri apotee machoni, na nyumba hubaki wazi nyuma yake. Alinisindikiza hivyo kila muhula tangu nianze bweni. Niliinua sanduku, nikainama kupita chini ya boriti mpya, nikatoka juani. Nilikuwa sijapiga hatua ya tatu niliposikia ubao ukigonga ubao nyuma ya mgongo wangu, na komeo likiteleza mpaka mwisho.